Usikate maneno yaliyo chini ya picha

Kwa muuza vitabu vya zamani mmoja hapa Lubumbashi, katikati ya kamusi zisizo na jalada na vitabu vya misa, nilikuta picha moja iliyochapwa kwa wino mweusi. Wanaume wenye kofia za pembe tatu na nywele za bandia wanazunguka jukwaa ndani ya nyumba kubwa yenye nguzo. Wamejitanda shali mabegani. Wameshika matawi marefu mkono mmoja na tunda dogo mkono wa pili. Chini ya picha palikuwa na maandishi, lakini mtu alikuwa ameyakata kwa mkasi, bila shaka ili karatasi iingie katika fremu.

"Papa, hawa ni nani?" nikauliza.

"Ni balozi, mwanangu. Angaria vile banabeba mayani."

Wenzangu wa kitivo hiki wameshaelewa. Katika Kiswahili sanifu balozi ni mjumbe wa serikali, mtu wa heshima. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, balozi ni wingi wa mulozi: mchawi. Picha ni ileile, neno ni lilelile kwa sikio, lakini Dar es Salaam ungeinunua picha hiyo kwa ajili ya sebule, na hapa kwetu ungeogopa kuiingiza nyumbani. Sisi tunajua vizuri neno hilo linaweza kumfanyia nini mtu katika mtaa wetu. Kuna watoto wanaolala barabarani kwa sababu mtu mzima mmoja alilitamka.

Nililipa, nikaenda nayo, nikaanza kutafuta. Haikuwa kazi ngumu. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum la Amsterdam limeweka picha zake nyingi za kale kwenye intaneti, na humo nikakuta picha mama ya nakala yangu. Hao si wachawi. Ni Wayahudi wa Amsterdam wa miaka ya 1720, wako katika sinagogi, wanaadhimisha Sikukuu ya Vibanda. Matawi ni ya mitende, na tunda ni la jamii ya limau. Agizo lenyewe limo katika Mambo ya Walawi, sura ya 23, katika Biblia ambayo muuzaji wangu alikuwa nayo nakala tatu au nne palepale mezani.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi juu ya watu wanaokusanya picha za namna hii: picha za kale zilizochapwa, zinazoonyesha maisha na desturi za dini za Wayahudi. Baadhi ya wanafunzi wenzangu wameniambia kwamba huo ni mchezo wa matajiri wa Ulaya na Marekani, na kwamba mwanafunzi wa lugha za Kiafrika ana kazi nyingine. Mimi naona kinyume. Naona kwamba ukusanyaji huu una somo kwetu, na pia una kosa moja ambalo tusiliige. Kosa hilo ni kutenga picha na maneno yake.

Tuanze na kitabu chenyewe. Aliyechonga picha ile ni Bernard Picart, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1673, akaingia Uprotestanti na kuhamia Uholanzi. Mchapishaji wake, Jean Frédéric Bernard, naye alikuwa Mprotestanti mwenye asili ya Ufaransa. Kuanzia mwaka 1723 walitoa Amsterdam kitabu kikubwa cha mabuku kadhaa kuhusu sherehe na desturi za dini za watu wote wa dunia. Buku la kwanza linawahusu Wayahudi na Wakatoliki. Wayahudi hawakuwekwa mwishoni kama watu wa ajabu. Wamewekwa mwanzoni, na wamechorwa kwa adabu. Tunawaona mezani wakati wa Pasaka na mkate usiotiwa chachu, tunawaona kwenye arusi, kwenye tohara ya mtoto, kwenye mazishi.

Jambo linalonigusa zaidi, kama mwanafunzi wa lugha, ni maandishi yanayofuatana na picha hizo. Kwa sehemu ya Wayahudi, Bernard alitumia kitabu cha Leon Modena, rabi wa Venezia, kilichochapwa kwa Kiitaliano mwaka 1637 na baadaye kutafsiriwa kwa Kifaransa na Richard Simon. Modena alikiandika ili Wakristo wasikie desturi za Wayahudi kutoka kwa Myahudi mwenyewe, kwa sababu vitabu vingi vya wakati ule viliandikwa na watu waliotaka kuwacheka. Kwa hiyo katika buku la mwaka 1723 kuna mgawanyo wa kazi: jicho ni la Mkristo, lakini kwa sehemu kubwa sauti ni ya Myahudi.

Sasa tazama kinachotokea sokoni. Kitabu kizima ni kizito na ni ghali, nacho hupata wanunuzi wachache. Karatasi mojamoja zina wanunuzi wengi. Basi wafanyabiashara wengi wamevunja mabuku, wakang'oa picha, wakaziuza moja baada ya nyingine. Wengine wanaongeza rangi juu ya picha iliyotoka kwenye bamba la shaba ikiwa nyeusi na nyeupe, kwa kuwa rangi huvutia jicho. Wengine wanakata ukingo, na pamoja na ukingo inakwenda alama ya bamba, jina la mchongaji, mwaka na maelezo. Mnunuzi anarudi nyumbani na jicho la Mkristo ndani ya fremu. Sauti ya Myahudi imebaki dukani, au imetupwa.

Mtu atasema: maelezo ya chini ni mstari mmoja tu, unapoteza nini? Unapoteza mengi. Maelezo ya Picart yanatofautisha Wayahudi Wareno na Wayahudi Wajerumani. Ameonyesha arusi ya hawa na arusi ya wale, katika picha mbili mbalimbali. Wareno ni wazao wa waliokimbia Hispania na Ureno. Wajerumani walitoka upande wa mashariki, na nyumbani walizungumza Kiyidishi. Walikuwa na masinagogi yao mbalimbali, ingawa waliishi katika mji mmoja. Kata neno moja, "Wareno", na jamii mbili zenye lugha mbili zinageuka kuwa "Wayahudi" tu. Wanaisimu wa Kongo hatuhitaji kufundishwa ubaya wa jambo hilo. Tumekwisha kuona ramani zinazoweka makabila kumi chini ya jina moja.

Kuna pingamizi lenye nguvu zaidi, na ni haki nilijibu. Je, yale maneno yakiwa ni ya uongo? Mwaka 1493 kilitoka Nuremberg kitabu maarufu cha historia ya ulimwengu cha Hartmann Schedel. Ndani yake kuna picha ya mtoto Simon wa Trento, ambaye kifo chake cha mwaka 1475 walisingiziwa Wayahudi wa mji ule. Waliteswa mpaka wakakiri jambo wasilolifanya, kisha wakauawa. Katika picha hiyo majina yameandikwa kando ya watu: huyu fulani, yule fulani. Hapo maneno hayakumlinda mtu, yalikuwa shtaka. Kanisa Katoliki lilifuta ibada ya mtoto huyo mwaka 1965 tu, karibu miaka 500 baadaye.

Tena kuna mfano ulio katikati. Paul Christian Kirchner alizaliwa Myahudi, akabatizwa, kisha akaandika kitabu juu ya desturi za ndugu zake wa zamani, maandishi yenye dharau nyingi. Toleo la Nuremberg la mwaka 1724 lilipambwa kwa picha za Johann Georg Puschner. Leo wanahistoria wanazitumia picha hizo kujua Wayahudi wa Ujerumani walivaa nini na waliswali vipi. Si afadhali basi, mtu atauliza, kuokoa picha na kutupa maneno?

Hapana. Ukitupa maneno ya Kirchner, dharau haiondoki, unaificha tu. Mchoraji aliamua nini kiwekwe mbele na nini kichekwe akiwa na maandishi yale mezani. Ukitupa maneno ya Schedel, unabaki na watu wanaomzunguka mtoto, na mtazamaji asiyejua atatunga maneno mengine, labda mabaya kuliko ya kwanza. Shtaka lililoandikwa linaweza kusomwa na kujibiwa. Shtaka lililokatwa kwa mkasi haliwezi kujibiwa, maana hakuna anayejua lilisemaje. Muuzaji wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuta karatasi bila maneno, naye akaipa maneno aliyokuwa nayo.

Wakusanyaji bora wamelijua hilo. Mwingereza Alfred Rubens alikusanya kwa miaka mingi picha za Wayahudi, nzuri na mbaya, na mwaka 1954 akatoa orodha yake iliyochapwa, ambayo hata leo wenye kazi hiyo wanairejelea. Mtu wa namna hiyo hatunzi karatasi tu. Anatunza habari za karatasi: nani aliichonga, ilitoka katika kitabu gani, na ilimtazama Myahudi kwa macho gani. Bila hayo, sanduku la picha ni sanduku la balozi, na kila mtu achague maana ya neno hilo.

Nimesema jambo hili linatuhusu. Linatuhusu kwanza kwa sababu ya mji wetu. Sinagogi ya Lubumbashi ilijengwa karibu na mwaka 1930 na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, na rabi Moïse Levy aliyefika mwaka 1937 aliwaongoza kwa zaidi ya miaka 50. Wengi wetu tunapita mbele ya jengo hilo bila kuuliza. Lugha waliyokuja nayo, Kihispania cha Kiyahudi, ilitoka kwa wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Wareno wa Amsterdam walio katika picha yangu na watu wa Rhodes ni matawi ya mti mmoja. Ndugu zao waliobaki Rhodes walikamatwa na Wajerumani mwezi Julai 1944 wakapelekwa Auschwitz, na wachache tu walirudi. Katika mji huu, basi, watu walishika matawi yaleyale katika sikukuu ileile, na leo mtu wa mji huu anaona picha yake anasema: wachawi. Imechukua kizazi kimoja au viwili tu kusahau.

Linatuhusu pili kwa sababu sisi wenyewe tumo katika picha za namna hiyo. Mwaka 1668, palepale Amsterdam, Olfert Dapper alitoa kitabu kikubwa juu ya Afrika, chenye picha za Loango na Kongo, na yeye hakukanyaga Afrika hata siku moja. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, Casimir Zagourski alikuwa na studio Léopoldville, akauza kadi za posta katika mfululizo alioupa jina la Afrika inayotoweka. Wakusanyaji wa Ulaya wanazinunua mpaka leo. Soma maelezo ya kadi za wakati ule: utakuta jina la kabila, mara chache sana jina la mtu. Mwanamke amekaa, anakutazama, na hata jina la mama yake mzazi hatulijui. Wayahudi wa Amsterdam walikuwa na Modena wa kusema nao ukurasa wa pili. Sisi hatukuwa na mtu.

Ndiyo sababu sikubali kwamba kazi hii si yetu. Kitivo hiki kina wanafunzi kutoka kila pembe ya Katanga na nje yake. Likizo ijayo, kila mmoja akirudi kwao, achukue picha tano za zamani za nyumbani, awaulize wazee: huyu ni nani, anafanya nini, na kitendo hiki kinaitwaje kwa lugha yetu? Aandike jibu kwa lugha ya mzee kwanza, tafsiri baadaye. Aandike kwa penseli nyuma ya picha, maana wino hula karatasi, na nakala ailete hapa. Hatuhitaji fedha za mradi. Tunahitaji madaftari, na tunahitaji kufanya haraka, kwa kuwa wazee hawatungoji.

Mimi nimeanza na picha yangu. Nyuma yake nimeandika: Wayahudi Wareno, Amsterdam, Sikukuu ya Vibanda, kutoka kwa Picart, maelezo yalikatwa, yamerudishwa Lubumbashi. Kisha nilirudi kwa muuzaji nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama tena ile karatasi, akaniambia kama angejua ni watu wa Biblia asingeniuzia kwa bei ile.