Usifute wimbo wa mwanao

Mzazi mwenzangu, kabla hujafuta ule wimbo wa ajabu mwanao aliorekodi kwenye simu yako, sikia kisa cha Charanjit Singh.

Alikuwa mpiga vyombo katika nyimbo za filamu za Kihindi mjini Mumbai. Mwaka 1982, enzi za disko, alichukua raga kumi za jadi akazipiga peke yake kwa vinanda vya umeme na mashine ya ngoma. Santuri haikuuzika. Akaendelea kupiga kwenye harusi.

Miaka mitano baadaye, vijana wa Chicago walitumia mashine ya besi ya aina ile ile, wakatoa muziki uliofanana na wake. Ukatikisa dunia.

Baadaye Mholanzi mkusanya santuri akapata nakala ya Singh. Ikatolewa upya mwaka 2010, na mzee wa miaka zaidi ya 70 akaitwa Ulaya kuipiga. Alifariki 2015.

Sisemi mwanao ataitwa Ulaya. Wala usimsifie uongo. Muulize alivyoutengeneza, andika jina na tarehe, uhifadhi. Akiba haiozi.