Dola iliyopasuka si dola ya bandia

Wasikilizaji wetu, nanyi ndugu mliokimbia vita mkafika hapa Lubumbashi, jambo hili tusilinyamazie tena.

Juma lililopita, katika Soko la Kenya, mama mmoja aliyetoka Mitwaba alitoa noti ya dola 20 anunue unga. Muuzaji akaiinua, akaona imepasuka pembeni, mpasuko usiozidi ukucha. «Hii haipiti, mama.» Mbadilishaji wa pesa aliyekaa karibu akaita: «Lete, nikupe 14.» Mama akakubali. Watoto walikuwa na njaa.

Mimi nauita wizi wa mchana.

Sokoni tunachanganya mambo matatu. Noti ya bandia haina thamani. Noti yenye kosa la kiwanda ilikatwa upande au ilikosa wino kabla ya kutoka mashineni. Hizo ni chache sana, na Marekani wako wanaozinunua kwa bei kubwa. Noti iliyoharibika ilitoka kiwandani ikiwa salama, ikapasukia mikononi mwa watu. Hiyo bado ni pesa. Marekani kwenyewe, hata noti iliyoungua, ikibaki zaidi ya nusu, ofisi ya serikali inayochapa dola huipima na kuilipa.

Unataka kujua kama 20 ni ya kweli? Iinue kwenye mwanga: utaona sura ya Jackson ndani ya karatasi, na uzi wenye maandishi. Igeuzegeuze: 20 ya pembeni chini, mkono wa kuume, inatoka rangi ya shaba inakuwa kijani. Mpasuko mdogo hauondoi alama hizo.

Yule wa 14 anajua hayo yote. Angeiona ya bandia, asingetoa hata franka 100.

Wauzaji wanajibu: «Benki nazo zinazikataa, tuzipeleke wapi?» Hapo wana haki. Lakini noti zetu za franka 500 zinazunguka zimebandikwa skochi, zinanuka samaki, na hakuna anayelalamika. Kwa nini mpasuko wa dola ulipwe na mkimbizi peke yake?

Benki Kuu ya Kongo na wakuu wa masoko watoe sheria iliyo wazi, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye kila mlango wa soko.

Nanyi mama zetu, msifunge dola kwenye ncha ya kitenge. Ziwekeni bapa ndani ya daftari. Na mtu akikukatia bei, muulize mbele ya watu: «Kama ni mbaya, unainunua ya nini?»