Viumbe vya Mungu: Kiazi cha Mwakani

Mwezi huu tupande hadi Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Mvua zikinyesha, uwanda wote hujaa maua, zikiwemo aina zipatazo 45 za okidi.

Okidi huanza maisha kwa unyonge. Tunda moja hutoa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula. Mbegu haikui mpaka ikutane na kuvu za udongoni zinazoilisha, na hupita miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza. Okidi nyingi za huko zina viazi viwili: cha zamani, kinacholisha ua la mwaka huu hadi kinanywea, na kipya kigumu, kinacholala ardhini kiangazi chote ili kichipue mwakani.

Viazi hivyo pacha vilizusha imani nyingi. Wagiriki wa kale walidai kuwa mume akila kikubwa atapata mtoto wa kiume, na mke akila kidogo atapata wa kike. Tusiwacheke, akina mama. Hata leo wapo wanaolaumiwa kwa kuzaa mabinti tu, ilhali mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Na kila mtoto ni zawadi ya Mungu.

Kwa jirani zetu wa Zambia, viazi hivi hukaushwa, hutwangwa, na kupikwa kwa karanga, pilipili na magadi. Hicho ndicho chikanda, kinachokatwa vipande kama nyama. Chakula hakina ubaya. Tatizo ni wingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi milioni 2.2 hadi 4.1 vilitoka Tanzania kila mwaka. Na mchimbaji huchagua kile kigumu, yaani ua la mwakani.

Fedha yake hununua sare za shule, kwa hiyo hatumhukumu mama anayechimba. Lakini Kumbukumbu la Torati 22:6-7 yaagiza anayekuta kiota achukue makinda, amwache mama yao. Mungu ameturuhusu tule, hakuturuhusu tumalize. Basi ndani ya hifadhi tusichimbe kabisa. Na kwingineko, tuliache ua mpaka tunda lipasuke na mbegu zipeperuke, ili wajukuu zetu nao walikute.