Mkonge wa Kwetu Urudishiwe Jina Lake

Kando ya barabara kuu itokayo Ruiru kwenda Thika, mimea ya kila namna huuzwa ikiwa makoponi. Ile yenye majani manene yahifadhiyo maji huitwa "kaktasi" na wengi, pasi na kujali ukoo wake. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina hasara.

Tutazame mmea mmoja ambao wataalamu walikuwa wakiuita Sansevieria pinguicula, uliopewa jina hilo na Peter Bally mwaka 1964. Makao yake ya asili ni Kenya pekee. Ni mbilikimo wa takriban futi moja, mwenye majani machache manene yaliyochongoka, na husimama juu ya mizizi mithili ya magongo. Hutoa kikonyo kinachoinama hadi ardhini na kuotesha mche mwingine kando, hata ukasifiwa kuwa mmea utembeao.

Je, Kiswahili kimekosa jina la ukoo huu? La, hasha! Wapwani waliuita mkonge, wakasokota kamba kwa nyuzi zake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta upande wa Tanga mmea wa katani wenye asili ya Meksiko. Mgeni huyo akalitwaa jina, akaenea hadi mashamba ya Punda Milia huko Makuyu, si mbali na Thika. Leo mwanafunzi akisikia "mkonge" humfikiria mgeni. Mwenyeji hana jina. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kisicho na jina hakina mtetezi. Mmea adimu hutamaniwa na wakusanyaji, nao ukuao polepole ukishang'olewa porini haurudi upesi. Amri ya rais ya mwaka 1986 ilipiga marufuku uvunaji wa shubiri mwitu kwa biashara. Hata hivyo, mwananchi atalindaje asichoweza kukitaja?

Dawa moja imo chunguni. Kila mche uzalishwao kitaluni hupunguza sababu ya kuuvamia mwitu. Chombo kiwe na matundu. Udongo mweusi wa Juja usitumiwe peke yake, kwani hushika maji na kuozesha mizizi. Uchanganywe na mchanga wa mto na kokoto ndogo kwa wingi. Maji yatiwe baada ya udongo kukauka kabisa, na yapunguzwe mno katika baridi ya Julai. Kikonyo kikishaota mizizi, kikatwe, kidonda kikauke siku kadhaa, ndipo kipandwe.

Enyi walimu wa Thika na Ruiru, tafuteni mche kwa mwenye kitalu azalishaye mwenyewe. Msikubali uliong'olewa porini. Mwanafunzi autunze, augawe, na juu ya kila kopo aandike: mkonge kibete. Somo la sayansi na la lugha yatakuwa yamefundishwa kwa mche mmoja.