Ilani ya Watu wa Athi: Kanyangi na Ng'ambo

Sisi wakulima wa ndengu na mbaazi, wafugaji wa mbuzi na nyuki, walimu, wapakiaji wa mchanga, na wachoma makaa walioacha pamoja na wasioacha, wa Kanyangi upande wa Kitui na wa ng'ambo upande wa Makueni, tunaanzisha vuguvugu. Dai letu ni moja. Kaunti zetu mbili zisipitishe mpango, bajeti wala leseni inayogusa ardhi kabla ya kuandika kazi ambayo mto, vichaka na vilima vinatufanyia, na kumtaja atakayebeba hasara siku kazi hiyo itakapokoma.

Jina la vuguvugu hatujakubaliana. Muda mwingi uliliwa na mjadala wa mchanga, na ulistahili.

Basi tuanze na mchanga. Vijito vingi vinavyoingia mto Athi hukauka muda mfupi baada ya mvua kukatika, lakini maji hayaendi yote baharini. Mengine huzama katikati ya punje za mchanga, ambako jua haliyafikii, na mchanga mzuri huweza kushika maji kufikia hata theluthi ya ujazo wake. Ndiyo maana mwezi Septemba, silanga, yaani mabwawa madogo ya udongo, zikiwa matope yaliyopasuka, mama bado anafukua shimo kijitoni na kujaza mtungi. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa Kitui tangu miaka ya 1990, mengi kwa juhudi za shirika la SASOL na mikono ya vikundi vya mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, yanafuata kanuni hiyohiyo: ukuta unasimamishwa juu ya mwamba, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unahifadhi maji, na visima vya jirani vinapata uhai.

Sasa lori linaingia mtoni na kuondoka na mzigo. Katika vitabu vya kaunti tukio hilo ni mapato: ushuru umelipwa, risiti imekatwa. Hakuna ukurasa wa kilomita alizoongezewa yule mama, wala wa ukingo uliomeguka ukaondoka na nusu ekari ya shamba la mtu, wala wa kisima cha shule kilichokauka. Hesabu ya namna hiyo, ingefanywa na karani wa duka, angefukuzwa kazi jioni hiyohiyo.

Makueni ilitunga sheria yake ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Tunaipongeza. Lakini Athi ni mpaka, na mchanga wa mpakani hauna kaunti. Mchimbaji akibanwa ukingo huu anavukia ule, na shimo analoliacha linavuta mchanga wa pande zote mbili. Kanuni za kaunti moja kwa mto wa kaunti mbili ni nusu ya kazi. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 189, inaziruhusu serikali za kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kitui, Makueni na Machakos tayari hukaa pamoja katika jumuiya ya kiuchumi ya kusini mashariki. Waanze na mto huu.

Kuhusu makaa tutasema lisilopendwa na wengi. Januari 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa. Kichaka kilihitaji kupumzika, hilo hatubishi. Ndicho kinacholisha mbuzi ukame unapokaza, ndicho chenye maua ya nyuki, mizizi ya dawa, na kivuli kinachouzuia udongo usipeperuke. Lakini marufuku si mpango. Aliyekuwa akilipa karo kwa magunia ya makaa hakuulizwa atalipa kwa nini kesho yake. Mti wa mukau tunaujua: unastahimili ukame na mbao zake ni nzuri, na watafiti wa misitu wa KEFRI pale Kitui wameushughulikia kwa miaka mingi. Lakini mukau unachukua miaka kukomaa, na karo hailipwi kwa kusubiri. Tunataka bajeti inayomvusha mtu kutoka gunia hadi mukau, iandikwe kwenye fungu lake, isiwe hotuba ya siku ya kupanda miti.

Halafu kuna Thwake. Mahali mto Thwake unapokutana na Athi, ujenzi wa bwawa kubwa ulianza mwaka 2018. Limekusudiwa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji. Mabilioni ya shilingi yamekwenda kwenye ukuta. Je, nani analipwa kuzuia udongo usilijaze? Kila mteremko ulio uchi juu ya bwawa hilo, uwe wa Kitui, wa Makueni au wa Machakos, utamimina matope ndani yake kila masika na kila vuli. Matuta ya mkulima na miti ya kingo za mito ni sehemu ya bwawa sawa na saruji, ila saruji ilitangaziwa zabuni na matuta hayakutajwa. Tena Athi hutokea juu, na hubeba taka za Nairobi na viwanda vyake. Mkaguzi Mkuu wa Serikali alikwishaonya kuhusu uchafu wa maji yatakayoingia Thwake. Nairobi ikipanga maji yake machafu, inapanga pia maji yetu ya kunywa. Kwa hiyo meza ya mipango ya jiji hilo nayo tunaidai kiti.

Wataalamu huziita kazi hizi huduma za mifumo ikolojia, na si wao waliokuwa wa kwanza kuziona. Mwaka 2005 tathmini kubwa ya kimataifa ya mifumo ikolojia ilichunguza huduma 24 duniani ikakuta 15 zinadhoofika. Miaka miwili baadaye Kenya ilipata atlasi yake, yenye ramani zinazoonyesha jinsi maji, mifugo na misitu vinavyofuatana na umaskini na ustawi wa watu. Na kabla ya hapo, mwaka 1994, kilitoka kitabu kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake hadi 1992. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona nchi ile imekwisha kwa mmomonyoko. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka hadi zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua, kwa matuta yaliyochimbwa na watu wenyewe, mengi kwa mwethya. Babu na nyanya zetu walifanya hivyo bila safu yoyote katika bajeti ya mtu.

Sheria mpya hatuombi. Zilizopo zinatosha kwa sasa. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji, navyo huandaa mipango ya madakio yao. Mipango hiyo isomwe na wapangaji wa kaunti kabla ya kuandika yao. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, taarifa ya sera ya fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Tutakuwepo kila tarehe hizo, tukiwa na daftari la wadi: kila kijito, bwawa la mchanga, chemchemi, kichaka cha malisho na mteremko, kazi yake, wanaoitegemea na hali yake. Daftari litaandikwa kwa Kikamba na Kiswahili, na nakala itakaa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuifungua. Muhtasari wa kila tathmini ya athari kwa mazingira usomwe barazani kwa lugha hizohizo kabla ya leseni kutolewa. Sehemu ya ushuru wa mchanga irudi kwenye mto uliotoa mchanga. Lengo letu kubwa ni mpango wa miaka mitano utakaoufuata huu wa 2023–2027: daftari liwe limeingia humo kabla haujachapishwa.

Tahadhari moja. Kuandika kazi ya kitu si kukitia bei. Ithembo, mahali wazee walipoombea mvua, litaingia kwenye daftari kama mahali pasipoguswa, na safu ya shilingi itabaki tupu. Watakapokuja wanunuzi wa kaboni na mikataba ya miaka thelathini, wataonyeshwa ukurasa huo kwanza.

Wapakiaji wa mchanga wameuliza kama wanafukuzwa. Hapana. Wao ndio wanaojua mahali mchanga umebaki na mahali umefika mwamba, na ndio tutakaowapa kurasa za kwanza za daftari wazijaze. Uanachama hauna ada. Anayetaka kuingia achague kijito kimoja anachokijua, akitembee kutoka juu hadi kinapoingia Athi, aje na alichokiona.