Aya niliyoikata

Nimekuwa kimya kwa sababu kazi zilinibana, lakini tusidanganyane, kulikuwa pia na jambo lililonikaa kooni na sikujua nilianzie wapi. Leo nalitema.

Ilikuwa Julai 2025, zamu ya usiku, mimi nikiwa nimeshika ukurasa wa habari za nje. Ikaingia habari kwamba Urusi imekuwa nchi ya kwanza kuitambua rasmi serikali ya Taliban ya Afghanistan. Nikaitafsiri vizuri tu. Karibu na mwisho kulikuwa na aya iliyosema kwamba wasichana wa nchi ile hawaruhusiwi kusoma zaidi ya shule ya msingi. Usiku ukiwa umeenda likaletwa tangazo la robo ukurasa (matangazo ndiyo yanayotulipa mishahara, msinilaumu), mhariri wa zamu akaniambia nipunguze mistari. Nikapunguza. Nadhani mmeshajua niliikata aya ipi. Hakunilazimisha mtu, niliichagua mwenyewe.

Kesho yake, kwenye chai, nikamweleza kaka mmoja wa pale kazini. Ni mtu ninayemheshimu sana, ndiye aliyenifundisha kuandika habari. Akanitazama kwa huruma. "Dogo, umefanya sawa. Hiyo si habari tena. Ile ni dini yao na nchi yao. Cha msingi vita vimekwisha, watu wana amani. Waache."

Sikumjibu. Heshima ilinizuia, na kusema kweli jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo.

Kaka yangu, unasema ni dini. Dini ipi? Mimi nimekulia Tanga, na alifu na be nimefundishwa chuoni na mwanamke, fimbo mkononi. Desemba 2022, Taliban walipowafungia wanawake milango ya vyuo vikuu, Sheikh Mkuu wa Al-Azhar kule Cairo, Ahmed al-Tayeb, alisema wazi kwamba uamuzi ule unapingana na sharia ya Kiislamu. Huyo si mwanaharakati wa Ulaya. Na Januari 2025 Sher Abbas Stanikzai, naibu waziri wa mambo ya nje wa Taliban hao hao, alisimama Khost na kusema hadharani kwamba hakuna sababu ya kuwanyima wasichana elimu. Haukupita muda ikaripotiwa kwamba ameshatoka nchini. Sasa kama viongozi wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani, sisi tuliokaa Dar es Salaam na vikombe vya chai tumepata wapi uhakika wa kusema "ni dini yao"?

Mila ikishavishwa kanzu ya dini, watu huogopa kuigusa. Hata kwetu imewahi kutokea. Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, ambaye baadaye alijulikana kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 kwamba mabinti wa jumba la Unguja walifundishwa kusoma, lakini kuandika hapana. Akajifunza kwa siri, akiiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua Majid, aliyepewa kazi ya kuwaandikia barua ni huyo huyo Salme! Kwa hiyo waliosema binti akishika kalamu ataleta fitina hawakukosea sana, hahaha. Kitu walichokiogopa ni kalamu. Dini ilitafutwa baadaye ili iwe ngao.

Haya, tuje kwenye amani. Hapa ndipo ninapokasirika.

Turudi Pakistan, bonde la Swat. Mwishoni mwa 2008 kiongozi wa wapiganaji wa huko, Fazlullah, aliyezoea kuhubiri na kutisha watu kwa redio ya FM, alitangaza kwamba ifikapo Januari 15, 2009 shule zote za wasichana ziwe zimefungwa. Haikuwa porojo. Majengo ya shule zaidi ya 100 yalishalipuliwa au kuchomwa. Katika siku hizo hizo mtoto wa miaka 11, Malala Yousafzai, alianza kuandika shajara kwa jina la bandia katika tovuti ya BBC ya Kiurdu. Serikali ikafanya nini? Februari 2009 wakuu wa jimbo wakapatana na Sufi Muhammad, baba mkwe wa Fazlullah. Wapewe mahakama za sharia, wanyamazishe bunduki. Watu walishangilia, na siwalaumu, walichoka kuzika. Mwezi Aprili rais akatia saini. Mwezi huo huo wapiganaji wakaingia wilaya jirani ya Buner, kilomita kama 100 tu kutoka Islamabad. Mei jeshi likaingia vitani, watu wapatao milioni mbili wakayakimbia makazi yao. Amani yenyewe ndiyo hiyo. Na Oktoba 9, 2012, miaka zaidi ya mitatu baada ya jeshi kusema Swat ni shwari, Malala akapigwa risasi ya kichwa ndani ya gari la shule akiwa na miaka 15.

Mngedhani dunia imejifunza. Februari 29, 2020 Marekani na Taliban wakasaini makubaliano yao pale Doha. Yamejaa majeshi, wafungwa na vikwazo. Kuhusu wanawake na wasichana, hakuna hata mstari mmoja. (Unaona, wao pia walikuwa na upungufu wa nafasi.) Agosti 2021 Kabul ikaanguka. Septemba wavulana wakaitwa kurudi sekondari, wasichana hawakutajwa. Machi 23, 2022 wakaambiwa njooni, wakavaa sare, wakaingia madarasani, na kabla ya mchana wakarudishwa nyumbani. Mwezi Juni 2024 Umoja wa Mataifa ukawakaribisha Taliban Doha tena, na kwenye meza ile hakukuwa na mwanamke hata mmoja wa Kiafghani. Ndiyo bei ya wao kuja.

Kwa hiyo, kaka, kila "amani" unayoniambia imelipiwa, na mlipaji ni yule yule ambaye hakuitwa kikaoni.

Eti hakuna njia nyingine? Mwaka 1963, Saudi Arabia, wanaume wa mji wa Buraydah walipinga shule ya wasichana isifunguliwe kwao. Mwanamfalme Faisal hakuwaomba radhi. Alipeleka walinzi wa taifa, shule ikafunguliwa. Na hiyo ni Saudi Arabia, nchi ambayo hakuna atakayeituhumu kwa kupuuza dini.

Sisemi tupeleke majeshi Kabul, wameshapeleka wengine na tumeona. Wala sisemi sisi ni malaika. Wasichana waliopata mimba tuliwafungia milango ya shule za serikali mpaka Novemba 2021, na wengi wetu kwenye vyumba vya habari tuliandika kana kwamba ni taarifa ya hali ya hewa. Ninachokataa ni hilo neno "waache". Siku tano tu baada ya Urusi kuwatambua, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilitoa hati za kukamatwa kwa Haibatullah Akhundzada na jaji wake mkuu, Abdul Hakim Haqqani, kwa kuwatesa wanawake na wasichana kwa sababu ya jinsia yao. Wewe uliniambia si habari tena.

Basi aya yangu naiweka hapa, na nimeirefusha kwa sababu huku hakuna wa kunipunguzia mistari:

Afghanistan ndiyo nchi pekee duniani inayokataza wasichana kusoma sekondari. Kwa hesabu ya UNICEF ya Machi 2025, waliozuiwa wamefikia milioni 2.2. Desemba 2024 walifungiwa hata mafunzo ya uuguzi na ukunga, katika nchi ambayo watawala wake wanataka mwanamke atibiwe na mwanamke.

Lile tangazo, kama mnataka kujua, lilikuwa la magodoro.