Pointi au Elektroniki? Ukweli Kuhusu Ndinga za Zamani

Kuna vijana Nairobi wanaosaka Volkswagen Beetle na Peugeot 504 kama dhahabu. Sawa, ndinga ni kali na picha zinatoka poa. Lakini umewahi kujiuliza cheche inatoka wapi?

Nyingi ya gari hizo zilitoka kiwandani na pointi: vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta, vinavyogusana na kuachana. Vikiachana, koili inarusha umeme hadi kwenye plagi. Kwa Beetle, mwanya wake ni milimita 0.4 hivi. Pointi zikilika, mwanya unabadilika, cheche inachelewa, nguvu inapungua na petroli inaisha mbio. Kwa bei ya mafuta ya leo, huo si mchezo.

Elektroniki inatumia sumaku na kihisi. Hakuna kinachogusana, hivyo hakuna cha kuseti kila mara. Chrysler ya Marekani iliiweka kwenye magari yake ya 1973. Shida ni kwamba ikifa, imekufa. Pointi utazisugua kwa msasa kando ya barabara na ufike nyumbani.

Maoni yangu? Kama unaendesha kila siku, weka elektroniki, ila pointi na kondensa zibaki kwenye buti.

Ishu kubwa iko hapa: wazee wanaojua kuseti pointi wanastaafu, na ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari haina cha kusoma kwa Beetle. Kijana fundi, kaa na mzee huyo sasa. Vipuri utaagiza mtandaoni. Mkono wake hauagizwi.